Uzi: Mwanangu alitoroka chuo cha Qur'ani siku nne, na mimi ukanda ulikuwa mkononi

Muuza Viungo (mleta uzi)

Asalaam alaikum wanajukwaa. Uzi huu ni mrefu, aliye na haraka apite salama.

Nina watoto watatu. Kifungua mimba ni kijana wa miaka tisa, wa pili msichana wa miaka sita, na kitinda mimba ana mitatu, huyo neno lake ni moja tu: "Sitaki." Tunakaa Majengo, Mombasa, nami nauza viungo sokoni Marikiti. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa bakora. Siku babangu aliponipeleka chuoni alimwambia mwalimu mbele yangu, "Mimi nirudishie macho yake tu, mengine yote yako." Wazee pale barazani wakacheka. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikawa nashika macho yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa yaliyonileta. Alhamisi moja alasiri simu inalia, ustadh mkuu wa madrasa: "Kijana mgonjwa? Leo siku ya nne hatumwoni." Nikaganda. Kila siku namwona akitoka, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, juzuu ya Qur'ani kwapani. Nikamwachia jirani duka, nikaanza kuulizia. Muuza kachiri mmoja akanionyesha kwa kidole: shuka kule upande wa Ngome.

Nikamkuta amekaa juu ya mwamba, anatazama wenzake wanavyopiga mbizi. Kanzu ameikunja hadi magotini. Juzuu ameiviringa ndani ya kofia na kuipakata, isirushiwe maji. Hilo la juzuu nililiona, lakini nililielewa baadaye sana. Wakati ule nilichoona ni uongo wa siku nne.

Tukarudi kimya kimya. Kufika nyumbani tu, nikavua ukanda.

Mamangu alikuwa uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi ya mbaazi za usiku. Hakuinua hata uso. Akasema, "Iweke hiyo. Kaeni kitako, nyote wawili."

Nikakaa. Nina miaka thelathini na nane, na mama akisema kaa, nakaa.

Akaanza, mkono hauachi nazi: "Nabii Yunus aliwachoka watu wake. Akaenda zake, hakungoja ruhusa. Akapanda jahazi limeshajaa. Baharini mambo yakawa mazito, ikapigwa kura nani ashuke, kura ikamwangukia yeye. Akaingia majini. Samaki akammeza."

Kijana akauliza, "Alimtafuna?"

"Hakumtafuna. Angemtafuna, dua angeiomba nani?"

Akaendelea. Kiza cha usiku, kiza cha bahari, kiza cha tumbo. Na mle mle Yunus akaita: La ilaha illa anta, subhanaka, inni kuntu minadh-dhalimin. Samaki akamtema ufuoni, yu hoi, mgonjwa, jua linamwangukia. Mola akamwoteshea mmung'unye umfunike.

"Hakumgombeza?" Kijana tena.

"Kwanza kivuli," mamangu akasema. "Kisha akarudishwa kwa watu wake, laki moja na zaidi." Akageuza kifuu, akaendelea kukuna. Hakusema "kwa hivyo na wewe". Hakunitazama mimi wala kumtazama yeye. Ilisikika mbuzi tu, kwarakwara, na machicha yanaanguka kwenye sinia.

Hapo ndipo mtoto alipofungua mdomo. Kijana wangu ana kigugumizi tangu miaka minne, na herufi inayomshika zaidi ni ba. Sasa fikirieni: kila akianza kusoma, la kwanza ni Bismillah. Kumbe amekuja ustadh mdogo, na kila kijana akikwama humwigiza, ba-ba-ba, na chumba kizima chaangua kicheko. Siku nne hizo hakuwa amekimbia Qur'ani. Alikuwa ameikimbiza, akaificha ndani ya kofia.

Nilisimama nikavaa ukanda wangu, maana hata suruali ilishaanza kuniaibisha.

Tangu siku ile nafikiria jinsi nilivyokuwa nikiwasimulia watoto habari za dini. Firauni alizama, na wewe ukinijibu hivyo utaona. Watu wa Lut waliangamizwa, lala. Kila kisa nimekimalizia kwa kiboko. Wenzangu, nyinyi mwafanyaje? Nisaidieni kwa wema.

---

Mzee wa Baraza

Waalaikum salaam. Kijana, pole, na huyo ustadh amekosa, mtoto hachekwi kwa alivyoumbwa. Lakini usitupeleke mbio. Sisi tulipigwa na tukasoma. Hadithi iko wazi: waamrisheni watoto wenu swala wakiwa na miaka saba, na wapigeni kwa ajili yake wakiwa na kumi. Mtume s.a.w. kasema, sasa wewe na simu yako mna lipi la kuongeza? Haya malezi ya upole yametoka Marekani, na huko kwenyewe watoto wawatukana wazazi wao.

---

Dada wa Feri

Nimeweka kigoda, nasoma. Huyo bibi Mungu ampe umri.

---

Mwalimu wa Juzuu

Ami Mzee wa Baraza, shikamoo. Nafundisha watoto wadogo madrasa mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hivyo hadithi hiyo nimeletewa mlangoni mara nyingi, tena na wazazi wenye fimbo tayari. Huwa nawauliza swali moja: baina ya saba na kumi mna nini? Mna miaka mitatu. Mwaka wa mwezi mwandamo ni siku 354, swala tano kwa siku. Piga hesabu: mara 5,310 umemwita kwa ulimi, "Twende tukaswali," kabla hujafikiria mkono. Tangu nianze kuuliza sijapata mzazi aliyefika hata mia. Wengi humwacha mtoto alale alfajiri mpaka afike kumi, halafu wakumbuka nusu ya pili ya hadithi.

Na hata hapo kwenye kumi, wanavyuoni wameweka mipaka: si usoni, si kwa hasira, si pigo la kuumiza wala kuacha alama. Tena maneno ni ya swala. Hayakusemwa juu ya mtoto aliyesahau madda, kuvuta sauti katika kisomo, au aliyemwaga chai.

Mtume mwenyewe aliyetuletea dini, mkewe bibi Aisha r.a. anasema hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa vitani katika njia ya Allah. Anas bin Malik aliingia kumtumikia akiwa mtoto, akakaa miaka kumi, na anasema hakuambiwa hata "uff". Mtoto wa miaka kumi na kitu, ami! Hakuvunja kitu? Hakusahau alikotumwa? Alisahau, na yeye mwenyewe amesimulia: alitumwa, akakuta watoto wanacheza sokoni, akasimama kutazama. Mtume akaja akamshika shingo kwa nyuma huku anacheka: "Unays, umekwenda nilikokutuma?" Anas ndilo jina, Unays ni la kumdekeza.

Ibn Khaldun, yule mwanachuoni wa historia, naye si wa Marekani. Ameandika zaidi ya miaka 600 iliyopita kwamba mwanafunzi anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili aepuke mkono. Kijana wa Muuza Viungo alitoka na kanzu ya pasi siku nne. Maneno ni yale yale.

Na kwa walio na madrasa ndani ya shule, kumbukeni pia kuna Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliyokataza adhabu ya viboko. Sitaki kulivuta sana hilo, maana mzazi akisikia sheria hufunga masikio.

Muuza Viungo, sasa nije kwako. Kuna hadithi ambayo kijana wako angepaswa aijue kabla ya alifu. Iko katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Aliye hodari wa Qur'ani yuko pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma huku akikwama-kwama, nayo yamwia ngumu, ana ujira mara mbili. Mara MBILI. Yule ustadh mdogo alikuwa akicheka ujira wa mtoto.

Ya darasani ni haya. Nimewahi kuwa na wanafunzi watatu wenye kigugumizi. Usimmalizie neno. Usimwambie "polepole, vuta pumzi", kwa sababu hapo umemkumbusha mbele za watu kwamba umeona. Mtazame usoni ungoje. Na msome pamoja, sauti moja: wengi wao ulimi hupita vizuri wakisoma na kundi, na hupita zaidi wakivuta kwa tajwidi, kanuni za kisomo, kuliko kusema kavu. Mimi huanza Bismillah na darasa zima, kisha napunguza sauti kidogo kidogo mpaka namwacha amebaki peke yake bila kujua.

---

Muuza Viungo

Mwalimu, nimesoma hiyo hadithi ya ujira mara tatu hapa dukani, mteja wa iliki akaniuliza kama nimefiwa.

---

Dada wa Feri

Naomba niwe mbaya kidogo kwenye uzi huu mtamu.

Hayo malezi ya upole mimi nimeyatazama sana kwenye video. Mama amekaa chini kwenye zulia jeupe, mtoto analia nusu saa, mama anasema "nakuona una hasira". Jamani, mimi nauza mitumba Kongowea. Nashuka matatu mjini, nasimama foleni ya feri, nafika Likoni saa mbili usiku na miguu imevimba, na bado kuna sufuria. Malezi ya upole yanataka mtu aliyelala. Wiki jana wa miaka mitano alimwaga maziwa, yale ya mwisho, nikamzaba kofi. Usiku nikamsimulia huruma ya Mtume kwa watoto. Alinitazama vile mpaka nikaona haya, nikazima taa kisa hakijaisha.

Muuza Viungo ana mama yake uani anakuna nazi. Sisi tusio na bibi tufanyeje?

---

Baba Pacha

Dadangu, hiyo feri unayoilalamikia ndiyo darasa langu. Napeleka pacha wangu kwa shangazi yao ng'ambo kila Jumamosi. Tukiwa katikati ya maji nasema tu, "Mama yake Musa alimweka kwenye kisanduku akamwachia mto." Basi. Wao wanatazama maji, injini inatetema miguuni, kisanduku chaenda. Tukigonga ng'ambo nakatiza hata kama hatujafika kwa Firauni. Wiki nzima wananidai.

Kisa cha Nuhu pia nimekisimulia pale, lakini hicho kilinishika mimi kuliko wao. Maji yameshapanda, mtoto amekataa, na baba anamwita vipi? "Ya bunayya." Bunayya si "mwana" hivi hivi, ni "kitoto changu", ni neno la kubembeleza. Nimelitafuta: Luqman anamwambia mwanawe vivyo hivyo, Ya'qub anamwambia Yusuf, na Ibrahim anamwambia mwanawe siku ya ile ndoto nzito kuliko zote, kisha anamuuliza, "Tazama, waonaje?" Anamuuliza maoni! Mimi wangu sijawauliza hata wapendelee uji au chai.

Ila Nuhu alibembeleza na mtoto akazama. Hilo sikuwaambia pacha, nililala nalo mwenyewe.

---

Mwalimu wa Juzuu

Dada wa Feri, umempiga, umemwomba msamaha?

---

Dada wa Feri

Wa miaka mitano?

---

Mwalimu wa Juzuu

Wa miaka mitano ndiye asiyeweka kinyongo, na bado anakupenda. Usingoje awe kumi na tano. Na ukimwomba usiongeze "lakini na wewe". Kofi lile si unafiki, ni uchovu. Unafiki ni kumwambia alistahili.

Tena upole si kuacha. Mimi darasani mwangu mtoto aliyempiga mwenzake hukaa karibu nami mpaka atengeneze alichoharibu, na haendi kucheza. Hapigwi, wala hapiti hivi hivi. Maziwa yakimwagika, apewe kitambaa apanguse. Mtaona mtoto wa miaka mitano anavyopangusa kwa bidii, sakafu yote inakuwa maziwa.

---

Msema Kweli

Nawaomba tuwe waangalifu. Visa vya Mitume si hekaya. Nasikia watu wanawasimulia watoto kwamba Musa alitia kaa la moto mdomoni utotoni, ndiyo sababu ya ulimi wake kuwa mzito. Hilo Qur'ani haina. Kilichomo ni dua yake katika Suratu Taha, "nifungulie fundo katika ulimi wangu", na kuombewa Harun nduguye awe msaidizi.

---

Muuza Viungo

Msema Kweli, ahsante, kwa sababu kaa la moto nilishalimwaga nyumbani. Nikarudi kwa kijana nikamwambia, "Lile la kaa watu husimulia, Qur'ani haikulisema. Fundo ndilo lililosemwa." Akanijibu, "Fundo ni bora." Nikamuuliza kwa nini. "Kaa likishachoma limechoma. Fundo lafunguka."

Na hapa niseme jambo ambalo mamangu analo siku zote, nami ndiyo kwanza naliona. Akitaka kutusimulia sungura na fisi, huanza, "Paukwa!" nasi "Pakawa!", kwa makelele. Au hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Akitaka kusimulia Mtume, hapaukwi. Hunyamaza kidogo, avute leso kichwani, aseme bismillahi, na sauti ishuke. Hakuna aliyetufundisha tofauti, lakini hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuuliza kama nyangumi wa Yunus na sungura wa kisimani ni ukoo mmoja. Mimi sasa, kwa uvivu, nilipaukwa vyote. Ndipo msichana wangu akaniuliza, "Baba, Jibril anakaa msitu mmoja na fisi?" Nikacheka, lakini swali lilikuwa langu.

Kwa hivyo kwangu sasa kuna vikapu viwili. Sungura bado yupo, mwongo wetu twampenda. Ila vya Mitume vina leso yake.

Dada wa Feri, mama yangu si wa uani kila siku, yuko kwa dadangu nusu ya mwezi. Kisa changu cha usiku hakizidi dakika tano, na siku nyingine nasinzia katikati, wananiamsha kwa kunivuta ndevu. Nilichoacha ni kimoja: ile "na wewe" ya mwisho. Nikifika mwisho nanyamaza. Si rahisi, ulimi unawasha. Lakini ukinyamaza wao ndio wanaoanza, na wanaanza pale ambapo usingepadhania. Nilisimulia Abu Umayr, yule mtoto aliyefiwa na kindege chake na Mtume akenda kumliwaza kwa kumuuliza, "Ewe Abu Umayr, kindege kimefanya nini?" Mimi nangoja waseme kuhusu huruma. Wa miaka mitatu akasema, "Mpe kingine."

---

Baba Pacha

Na ustadh mdogo je?

---

Muuza Viungo

Nilipeleka kesi kwa mkuu wake, si kwake, ili nisije nikasema la kuniaibisha. Ni kijana wa miaka kumi na tisa. Alisema yeye alifundishwa hivyo hivyo. Alikuja nyumbani, akanywa chai bila kumtazama mtoto, akaondoka. Siku ya pili alianza darasa kwa sauti moja, wote pamoja. Sijui nani alimwambia.

---

Mwalimu wa Juzuu

Mji huu si mkubwa.

---

Dada wa Feri

Nimemwomba msamaha. Aliniambia "haya". Kisha akaniuliza kama kesho kuna maziwa.

Na swali dogo kabla uzi haujafa: Ramadhani yaja, wangu atataka kufunga kwa sababu wa jirani anafunga. Nimwache?

---

Mwalimu wa Juzuu

Mwache ajaribu, usimlazimishe. Rubayyi' bint Mu'awwidh, swahaba wa kike, anasimulia kwamba siku ya Ashura waliwafungisha watoto wao, wakawatengenezea mwanasesere wa sufi, mtoto akililia chakula wanampa hicho acheze mpaka ifike futari. Tazama: hawakumwambia "nyamaza, Mungu anakuona". Walishona mwanasesere. Wangu mimi huwapa kukata viazi vya karai, wakate wapange. Mmoja alifunga mpaka adhuhuri na kipande cha kiazi shavuni, nami sikukiona.

---

Mzee wa Baraza

Nimesoma yote. Sikukubali yote, nisiongope. Mtoto asiyejua mpaka ni hasara, na wengine wenu mtakuja kujuta.

Lakini nilisema tulipigwa na tukasoma. Nitasema kweli kwa kuwa hapa hamnijui. Nilisoma juzuu mbili. Ya tatu nilijificha ndani ya mtumbwi uliopinduliwa pale chini ya Mji wa Kale, alasiri nyingi, joto la kufa. Hakuna aliyekuja kunitafuta. Sikurudi tena. Swala naswali kwa sura fupi fupi mpaka leo, na wajukuu wakinisahihisha najifanya sisikii.

Mwalimu, mtu mzima wa miaka sitini na nane hupokelewa kwenu?

---

Mwalimu wa Juzuu

Ami, Jumapili baada ya alasiri. Tutaanza Bismillah wote pamoja.

---

Muuza Viungo

Wiki ya sita leo. Mlioniuliza kwa ujumbe, nawajibu hapa.

Kigugumizi hakijaondoka, na sikutarajia kiondoke. Lakini anakwenda, na juzuu iko mkononi, haimo kofiani. Ile hadithi ya ujira nilimsimulia usiku mmoja, dada yake yupo pembeni nikidhani amelala. Kumbe hakulala.

Jana baada ya magharibi kijana alikuwa anapitia somo lake barazani. Akafika kwenye ba, akakwama. Ba, ba. Nikajikaza nisimmalizie. Msichana yuko chini anachezea vifuniko vya chupa, hainui hata kichwa, akasema, "Mbili." Akasogeza vifuniko viwili upande. Kijana akapita, akaenda aya mbili, akakwama tena. "Mbili." Vifuniko viwili tena. Alipofunga juzuu akainama kuvihesabu, vilikuwa kumi na vinne, akaniambia, "Baba, nisome tena?"